Busaa Ikiwa Motoni, Mtoto Yuko Wapi?

Leo nataka tuingie jikoni. Sisemi jiko la kupikia ugali. Nasema lile la nyuma ya nyumba, ambalo mgeni asiyejulikana akibisha hodi, mlango wake husukumwa kidogo. Leo tutazungumza juu ya busaa.

Najua kuna mama ameshtuka huko aliko na kusema, "Ala! Sista naye ameanza kututafutia askari?" La hasha, mama. Sikuja kumkamata mtu. Karo yangu ya sekondari ilitoka katika mtungi wa mama yangu, na nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kuanua kimea mvua ikianza kunyesha. Kuhusu sheria nitasema neno moja tu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamtaka mtu anayetengeneza na kuuza pombe awe na leseni, na haitaki mtu aliye chini ya miaka 18 auziwe pombe au apatikane mahali inapouzwa. Mambo ya leseni yana wenyewe katika kaunti yako. Mimi ni muuguzi, na kilichonileta hapa ni mtoto.

Anayepika busaa anajua kwamba si kazi ya siku moja. Leo unaloweka wimbi, kesho unakanda unga, kesho kutwa unakaanga, halafu unachanganya, unangoja, unachuja. Ni kazi ndogo ndogo za siku saba, nane, hata kumi, na nyingi hufanywa huku mtoto akiwa mgongoni au akitambaa karibu na miguu yako. Basi tuzifuate siku hizo, tuone mtoto yuko wapi.

Tuanze na kimea, kwa sababu hapa nina habari njema. Wimbi unaliloweka usiku kucha, unalichuja maji, unalifunika kwa gunia safi au majani ya ndizi, na baada ya siku mbili au tatu linatoa vijimizizi. Kisha unalianika mpaka likauke kabisa, unalisaga. Je, umewahi kujiuliza kwa nini lazima liote? Punje inapoanza kuota hutengeneza vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Kazi ya vimeng'enya ni kukata wanga wa nafaka kuwa sukari, ili mche mchanga upate chakula. Katika busaa, sukari hiyo huliwa na chachu, ikageuzwa kuwa pombe.

Lakini kimea hicho hicho, kabla hakijaenda kwenye mtungi, kinaweza kumsaidia mtoto wako wa miezi sita na kuendelea. Mama wengi huniambia, "Sista, uji mzito mtoto anakataa, na mwepesi hashibi." Ni kweli. Tumbo la mtoto ni dogo. Ukimpa uji mwepesi unamjaza maji. Sasa fanya hivi: pika uji mzito kama kawaida, uepue, uache upoe kidogo lakini ubaki moto. Tia kijiko kidogo cha unga wa kimea cha wimbi kwa kila bakuli, ukoroge. Baada ya dakika chache utaona uji unalegea wenyewe, bila wewe kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena vizuri, kwa sababu kimea huota mahali pa unyevu na huweza kuwa na viini vya kuharisha. Hapo mtoto anakunywa uji unaopita kooni na bado una unga mwingi ndani yake. Huo si pombe. Haujapewa muda wa kuchacha.

Tumia kimea cha wimbi, si cha mtama. Mtama ukiota, machipukizi yake huwa na sumu ya asili ambayo si nzuri kwa mtoto. Na kimea chochote chenye ukungu, uwe wa kijani, mweusi au wa waridi, usimpe mtoto wala usikitie kwenye mtungi.

Hapo tumefika kwenye mahindi, na hapa naomba tukae kidogo. Tunajuana, mama. Mahindi yakivunwa tunachagua. Mazuri yanaenda ghalani, na yale yaliyoota ukungu au kubadilika rangi tunayaweka kando na kusema, "Haya ya busaa." Nyumba nyingi hufanya hivyo, na hata nyumbani kwetu tulifanya hivyo. Tulidhani moto na kuchacha vitaua ubaya wote.

Havitaui. Kuna ukungu unaoingia kwenye mahindi ambayo hayakukauka vizuri na kuacha sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu, na ukikaanga au kuchachusha sehemu kubwa ya sumu hubaki. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu walikula mahindi yenye sumukuvu. Waliougua na kuandikwa walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Walianza kwa kuumwa na tumbo na kutapika, kisha macho yakawa ya manjano, kwa sababu sumu hii hushambulia ini.

Kidogo kidogo nayo hudhuru. Mtu anayeila mwaka baada ya mwaka yuko katika hatari ya saratani ya ini, na kama anakunywa pombe ini lake linapigwa pande mbili. Mama anayenyonyesha akila mahindi hayo, sehemu ya sumu hupita katika maziwa. Na yale machicha unayomwagia kuku na nguruwe, au kumpa ng'ombe wa maziwa, hayajatakaswa. Yanarudi mezani kwako kwa njia nyingine.

Kwa hiyo mahindi ya ukungu yasiwe ya busaa wala ya mifugo. Yafukie. Najua ni uchungu kufukia gorogoro tano za mahindi, lakini huo ndio ukweli. Na ili msimu ujao usifikie huko, yakaushe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, kisha uyapime kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka robo, tia kijiko cha chumvi iliyokauka, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, halafu iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Ikianguka chini yote bila kunata, unaweza kuyaweka ghalani.

Siku za kuchachusha unga uliokandwa hazina mambo mengi, ila ndoo ifunikwe kwa kifuniko kizito. Mtoto wa mwaka mmoja hutumbukia kichwa kwanza katika ndoo, na hana nguvu za kujitoa. Hilo linahusu pia ndoo ya maji na karai la kufulia.

Inakuja siku ya kukaanga. Bati limewekwa juu ya mawe, moto ni mkubwa, unga unageuzwa kwa koleo mpaka uwe wa kahawia. Kazi hii huchukua nusu siku. Akina mama, siku hiyo mtoto asiwe mgongoni. Moshi ule unaokutoa wewe machozi, yeye anauvuta kwa mapafu madogo, na moshi wa kuni ni mojawapo ya mambo yanayowaletea watoto homa ya mapafu. Kaangia nje, chini ya mti au kibanda kisicho na kuta. Tena chora mstari kwa jivu, hatua tatu kutoka motoni. Watoto wanaotembea huelewa mstari upesi kuliko makemeo, nimeliona hilo mwenyewe.

Akiungua, kitu cha kwanza ni maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu. Mwagia au mimina polepole kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, mama, zihesabu. Vua nguo iliyo mahali palipoungua, ila kama imenata kwenye ngozi iache. Sehemu nyingine ya mwili ifunike ili asishikwe na baridi. Kisha funika kidonda kwa kitambaa safi, umlete kituoni. Usipake dawa ya meno, usipake yai, unga, jivu, wala mafuta ya kupikia. Huwa tunatumia muda mrefu kuondoa vitu hivyo, mtoto akilia, kabla hatujaanza kumtibu.

Sasa unachanganya. Unga uliokaangwa, kimea na maji, vyote kwenye pipa, unafunika, unangoja siku mbili hadi nne. Hapa tazama mambo mawili. Kwanza ni pipa lenyewe. Pipa au mtungi uliobeba dawa ya kunyunyizia mimea, dawa ya kuogeshea ng'ombe, au kemikali za kiwandani, hausafishiki, hata ukiusugua kwa mchanga wiki nzima. Usiutumie kwa busaa wala kwa maji ya nyumbani. Pili ni maji. Busaa haichemshwi baada ya kuchanganywa. Maji ya mto uliyotia leo ndiyo watu watakunywa Ijumaa. Chemsha maji kwanza, hasa yale unayoongeza mwishoni wakati wa kuchuja, maana hayo hayakai muda wowote katika ule uchachu.

Na hapo kwenye kuchuja ndipo penye jambo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Alfajiri moja, miaka michache iliyopita, nyanya mmoja alikuja mbio kituoni nilikokuwa nikifanya kazi, akiwa amembeba mjukuu wa miaka miwili ndani ya shuka. Mtoto alikuwa amelegea, baridi, na alikuwa ametetemeka mwili mzima njiani. Nyanya alisema ni degedege, au mtoto amerogwa. Tulimpima malaria, hakuna. Kisha nikamwinamia kuangalia pumzi, nikanusa. Nikamuuliza nyanya taratibu, "Jana mlikuwa mnachuja?" Akanyamaza. Halafu akasema kwamba mtoto alilia usiku, wateja wapo, mikono imejaa kazi, naye akampa nusu kikombe ili alale. "Hata sisi tulilelewa hivyo," akasema.

Tulipima sukari katika damu ya mtoto yule, ilikuwa chini sana. Tukampa sukari kwa mshipa, na kabla jua halijapanda alifungua macho, akamtafuta nyanya yake. Alipona. Lakini kama nyanya angengoja mpaka saa tatu, matatu zianze kupita vizuri, sijui ningekuwa nawaambia hadithi gani.

Nieleze kilichotokea. Mwili wa mtoto mdogo una akiba ndogo sana ya sukari. Usiku, asipokula, ini lake hutengeneza sukari nyingine ili ubongo usikose chakula. Pombe huzuia ini kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo mtoto anayeonekana amelala vizuri baada ya kupewa busaa, huenda hajalala usingizi wa kawaida. Sukari inashuka, anapoteza fahamu, anapatwa na degedege, na anaweza kufa kimya kimya hapo kitandani, huku watu wakifurahi kwamba leo ametulia. Aliyelala bila kula yuko katika hatari zaidi, na mwenye utapiamlo zaidi ya hapo.

Tena si lazima apewe. Busaa changa ni tamu-tamu. Mtoto huchovya kidole kwenye karai, hula machicha yaliyoachwa kwenye gunia, humaliza mabaki ya vikombe asubuhi wakati wakubwa wamelala. Kwa hiyo siku ya kuchuja, machicha yaondolewe mara moja, na vikombe vimwagwe usiku huo huo hata ukiwa umechoka.

Ukigundua mtoto amekunywa, usimtapishe. Usimmwagie maji baridi. Akiwa macho kabisa na anameza vizuri, mpe maji yenye sukari kidogo kidogo, umfunike apate joto, na umlete kituoni hapo hapo, hata kama anacheka-cheka. Akiwa amelegea au hajitambui, usimtie kitu cha kunywa kinywani kwa maana kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, mfunike, kimbia. Na ukifika, mama, tuambie ukweli. Tukijua ni pombe tunapima sukari dakika ile ile. Usipotuambia tutaanza kutafuta ugonjwa mwingine, na muda unakwenda. Kazi yangu ni kumpa mtoto sukari, siyo kuandika ripoti ya mtungi wako.

Tuseme kuhusu kuonja. Anayepika lazima aonje, au vipi? Mama mjamzito, tafuta mtu mwingine akuonjee. Pombe unayokunywa hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto, na yeye hana ini lililokomaa la kuiondoa. Inaweza kudhuru ubongo wake moja kwa moja, akazaliwa na uzito mdogo, akachelewa kujifunza, na madhara hayo hayana dawa. Hakuna kiasi ambacho tunaweza kukuambia ni salama, wala mwezi ambao ni salama. Kama ulikunywa kabla ya kujua una mimba, usikae na woga peke yako. Acha leo, na useme kliniki.

Na mama anayenyonyesha? Katika vijiji vingi mzazi huletewa busaa ya moto ati maziwa yashuke. Mama wa mzazi huileta kwa upendo kabisa, nami simlaumu. Lakini pombe hufanya kinyume: huzuia ile homoni inayosukuma maziwa yatoke, na mtoto hupata kidogo. Pombe iliyo katika damu yako ndiyo iliyo katika maziwa yako. Huwezi kuikamua ikaisha. Hupungua tu kadiri inavyopungua kwenye damu. Kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya mara nyingi, usiku na mchana, na wewe kula na kunywa vya kutosha. Nyanya akitaka kumsaidia mzazi, alete uji wa wimbi. Na yeyote aliyekunywa asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Usingizi wa pombe ni mzito. Mtu anaweza kumlalia mtoto asijue.

Hapa huwa naulizwa swali: je, uji wa kuchachua nao ni mbaya? Hapana. Ule unaochachuliwa siku moja au mbili huwa mchachu kwa sababu ya vijidudu vinavyotengeneza asidi, jamaa za wale wa maziwa lala, na ile asidi huzuia viini vingi vya kuharisha kukua. Upike uchemke, umpe mtoto wako mwenye miezi sita na zaidi.

Wateja wakifika, mtoto asiwepo katika chumba kile. Watu wanaogopa mrija mmoja unaopitishwa kutoka mdomo hadi mdomo, wakisema ndio unaoleta kifua kikuu. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa, pale mgonjwa anapokohoa katika chumba kilichofungwa. Mtoto mchanga anayelala kwenye kona ya chumba hicho kila jioni anavuta hewa ile ile. Mteja anayekohoa wiki mbili mfululizo, mwambie aende akapimwe makohozi, na fungua madirisha.

Kuna akina mama ambao wameacha busaa wakahamia chang'aa, kwa sababu kang'ara ikitoneshwa ina faida zaidi. Sitasema mengi. Chang'aa ina nguvu mara nyingi kuliko busaa, na kikombe kimoja kinatosha kumuua mtoto. Tena kuna watu huiongeza methanoli ya viwandani ili iwe kali. Novemba 2000 jijini Nairobi pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, mwaka 2005 ikaua Machakos, mwaka 2014 ikaua Embu, Kitui na kwingine, na Februari 2024 ikaua Kirinyaga. Dalili zake huchelewa. Mtu hulala na kuamka, kisha kichwa kinamgonga, tumbo linauma, macho yanaona ukungu mweupe. Anayeona hivyo aende hospitali saa hiyo hiyo, asiambiwe alale itaisha.

Mama mmoja aliniuliza kliniki, "Sista, haya yote nimeyasikia, lakini siku ya kuchuja nina mikono miwili tu. Huyu mtoto nimpeleke wapi?" Ni swali la haki. Katika kijiji kimoja ninachotembelea, wapishi wawili majirani wameamua wasichuje siku moja. Anayechuja leo huwapeleka watoto kwa mwenzake tangu saa kumi jioni, wakiwa wamekula, na wanalala huko. Wiki inayofuata mwingine hupeleka wake. Mbwa wa huko amezoea, habweki tena.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya minyoo. Kwaherini kwa sasa, na yule aliyeacha ndoo wazi huko nyuma aende akaifunike.